Msitu Unaokatwa na Hauishi



Katika mikutano ya vikundi vyetu kuna ubishi ambao haukomi. Likitajwa jambo la miti, mmoja husimama na kusema, "Msitu usiguswe. Anayekata mti ni adui yetu." Mwingine naye hujibu, "Sawa, lakini jioni nitapikia nini? Mawe?" Mwishowe mkutano hufungwa kwa maombi, na kila mtu huenda nyumbani na msimamo wake.

Hatuna jibu la mkato. Lakini tunajua habari za msitu mmoja mdogo ambao unaweza kutusaidia kufikiri. Uko mbali, huko Uingereza. Umekatwa kwa zaidi ya miaka 770 na hadi leo upo. Tena, kando yake palikuwa na sehemu nyingine ya msitu ambayo ilitoweka kwa miaka michache tu. Ni kitu gani kilichotofautisha pande hizo mbili? Hilo ndilo tunalotaka kueleza hapa.

MAHALI PENYEWE

Msitu huo unaitwa Bradfield Woods. Uko mashariki mwa Uingereza, katika wilaya ya Suffolk, kama kilomita 10 kutoka mji wa Bury St Edmunds. Ukubwa wake ni karibu hektari 70, yaani ekari kama 170. Si msitu mkubwa. Mtu akiamka mapema anaweza kuuzunguka kwa miguu na kurudi kabla ya chai ya saa nne.

Msidhani kwamba ni nchi kama Mau au Mlima Kenya. Hakuna mlima hapo. Ni nchi ya chini, yenye udongo mzito wa mfinyanzi ambao hushika maji wakati wa baridi na kung'ang'ania viatu. Pande zote kuna mashamba ya ngano na shayiri. Kati ya shamba na shamba kuna nyua za miti na vichaka, kama zile tunazopanda mipakani kwetu, na barabara nyembamba za kupindapinda. Vijiji vitatu vya jirani vina jina la Bradfield: Bradfield St George, Bradfield St Clare na Bradfield Combust.

Wengi wetu hufikiri kwamba Uingereza ya zamani ilikuwa msitu mtupu, na kwamba miti ilimalizwa juzijuzi vilipokuja viwanda. Sivyo. Mwaka 1086 Mfalme William alikuwa amewatuma watu wahesabu mali yote ya nchi, na kitabu cha hesabu hiyo kipo hadi leo. Wataalamu wakikisoma hukadiria kwamba wakati ule misitu ilikuwa kama asilimia 15 tu ya nchi. Zaidi ya miaka 900 iliyopita Waingereza walikuwa tayari hawana miti ya kuchezea! Kila msitu ulikuwa na mwenyewe, na ilibidi utunzwe kama shamba linavyotunzwa.

WATAWA NA MAANDISHI YAO

Mwenye msitu wa Bradfield alikuwa kanisa. Pale Bury St Edmunds palikuwa na abasia kubwa ya watawa wa Mtakatifu Benedikto, iliyomiliki mashamba na misitu mingi. Watawa walijua kusoma na kuandika, na waliweka maandishi. Ndiyo sababu tunajua kwamba kufikia mwaka 1252 msitu huu ulikuwa ukitunzwa kwa kukatwa kwa zamu.

Mwaka 1539 abasia ilifungwa kwa nguvu ya Mfalme Henry wa Nane, na mali yake ikaingia mikononi mwa watu wengine. Wenye msitu walibadilika mara nyingi baada ya hapo, lakini njia ya kuukata ilibaki ileile.

WALIKATA VIPI?

Siri yote iko kwenye kisiki.

Mti mwingi wa Uingereza, ukikatwa karibu na ardhi, haufi. Majira ya baridi yakipita, kisiki hutoa machipukizi mengi. Ninyi mnaopanda mikaratusi mnalijua jambo hili vizuri. Mti wa mbegu huanza polepole kwa sababu ni lazima kwanza utafute mizizi. Lakini chipukizi la kisiki linakuta mizizi mikubwa tayari iko chini, imeshiba, inangoja kazi. Kwa hiyo linapaa. Linaweza kupita urefu wa mita moja katika mwaka wa kwanza.

Machipukizi yakikomaa na kuwa fito au miti ya unene wa kutosha, hukatwa tena. Kisiki huchipua tena. Muda wa kungoja hutegemea aina ya mti na kazi inayotakiwa: kuna wanaongoja miaka 7 au 10, kuna wanaongoja hata 25.

Tuseme una msitu wa ekari 20 na fito zako huchukua miaka 20 kukomaa. Unaugawa vipande 20. Mwaka huu unakata kipande cha kwanza, mwaka ujao cha pili, hivyo hivyo. Ukimaliza cha 20, cha kwanza kiko tayari kukungoja. Kila mwaka una mavuno, na kila mwaka vipande 19 vimesimama. Ni kama merry-go-round ya akina mama: pesa zinazunguka, kila mmoja anapata zamu yake, na mfuko hauishi. Lakini mmoja akikosa subira na kudai zamu yake mapema, mpango wote unavunjika.

Na jambo la ajabu ni hili. Mti wa eshi, ambao ni wa kawaida sana katika msitu huu, ukiachwa bila kukatwa huishi kama miaka 200 hivi, kisha huzeeka na kuanguka. Ukikatwakatwa kwa zamu huendelea kuishi karne baada ya karne. Kisiki hupanuka polepole, katikati huoza, na pembeni huendelea kutoa machipukizi. Pale Bradfield kuna kisiki cha eshi chenye upana wa zaidi ya mita 5, kinachokadiriwa kuwa na umri wa miaka 1,000. Hebu fikirini: watawa wa mwaka 1252 walikata fito kwenye kisiki hicho, na tayari kilikuwa kikuukuu!

MBAO NA FITO NI VITU VIWILI

Si kila mti ulikatwa kila zamu. Katikati ya visiki waliacha miti mirefu hapa na pale, hasa mialoni, ikue miaka mingi hadi iwe ya kupasua mbao na boriti. Basi msitu mmoja ulitoa mazao mawili: fito kila baada ya miaka michache, na mbao mara moja moja.

Fito zilikuwa na kazi nyingi. Nyumba za zamani za Suffolk zilijengwa kwa nguzo za mwaloni, na kati ya nguzo zikafumwa fito na kukandikwa udongo. Ndiyo, wapendwa, nyumba za fito na udongo, kama tulizozaliwa ndani yake wengi wetu. Fito nyingine zilifumwa ziwe vizuizi vya kondoo. Nyingine zilitumika kusimamishia maharagwe, kushikilia nyasi za paa, na kutengeneza mipini ya reki na majembe. Matawi madogo yalifungwa matita ya kuwashia tanuri la mikate. Hakuna kilichotupwa.

Pale ambapo mifugo ililisha chini ya miti, walikata kwa juu, kimo ambacho ng'ombe hafiki. Shina linabaki, kichwa kinachipua. Wakulima wetu hufanya hivyo kwa mgrevilea uliopandwa mpakani.

TUTA NA MTARO

Chipukizi changa ni chakula kitamu. Ng'ombe akiingia kwenye kipande kilichokatwa juzi, na mbuzi akimfuata, kazi ya miaka 20 inaliwa kwa siku mbili. Watu wa zamani waliliona hilo. Ndiyo maana walizungushia misitu yao mtaro, na udongo wa mtaro wakautupa upande wa ndani ukawa tuta kubwa. Juu ya tuta waliweka ua. Mwenye kujua "fanya juu" ataelewa mara moja. Tofauti ni kwamba yetu inazuia maji na udongo, na yao ilizuia pembe na midomo. Matuta hayo yanaonekana hadi leo.

Basi kukata peke yake hakukutosha. Ilikuwa kukata, kisha kulinda. Ukikata bila kulinda, umeharibu.

NA MASKINI JE?

Tusiwapambe watu wa zamani kama malaika. Msitu ulidumu, lakini si kila jirani alifaidika. Mwaka 1327 watu wa Bury waliasi utawala wa abasia, wakavamia na kupora. Jina la kijiji cha Bradfield Combust maana yake ni Bradfield iliyochomwa, na inasemekana lilitokana na jumba la abasia lililoteketezwa katika ghasia hizo. Mtu aliye nje ya ua, asiye na sauti wala fungu, siku moja hushika kiberiti.

Katika kijiji hichohicho aliishi Arthur Young, aliyezaliwa mwaka 1741 na kufariki mwaka 1820, mwandishi mkubwa wa mambo ya kilimo. Kwa miaka mingi alitetea mpango wa kugawa na kuzungushia ua ardhi za pamoja ili mavuno yaongezeke. Mavuno yaliongezeka kweli. Lakini alipozunguka vijijini aliona maskini waliokuwa na ng'ombe mmoja wa kulisha kwenye ardhi ya pamoja, na sasa hawana ng'ombe wala pa kuokota kuni. Mwaka 1801 aliandika waziwazi kwamba maskini wameumizwa, na akapendekeza wapewe vipande vya ardhi. Tunamheshimu mtu ambaye akiona amekosea hubadilisha neno lake mbele ya watu.

MAUA NA NDEGE

Mtu anaweza kuuliza: kukata kote huku hakukufukuza viumbe? Kinyume chake. Kipande kikikatwa, jua linafika chini kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Mwaka wa pili na wa tatu ardhi hujaa maua ambayo yalikuwa yamelala gizani. Vipepeo hufuata maua. Baadaye machipukizi huwa kichaka kizito, na ndege wa vichakani huja kutaga. Kisha majani hufunika juu, maua hulala tena, lakini kufikia hapo kipande cha jirani kimekatwa. Kila kiumbe kinahama hatua chache tu.

Kuna ndege mmoja mdogo wa rangi ya kahawia, maarufu kwa kuimba usiku, ambaye hupenda kichaka cha umri wa miaka michache tu. Wa Uingereza hukaa miezi ya baridi Afrika Magharibi, nchi kama Senegali na Gambia, kisha huruka kurudi kutaga. Akikuta vichaka vimezeeka au vimeliwa, hana pa kukaa. Ndege hao wamepungua sana Uingereza tangu miaka ya 1960.

SIKU TINGATINGA LILIPOKUJA

Katika karne ya 19 reli zilipeleka makaa ya mawe hadi vijijini. Watu wakaacha kuni. Msitu ambao hautoi kitu, mwenyewe huanza kuuangalia kwa jicho lingine. Visiki vingi Uingereza viliachwa bila kukatwa.

Bradfield ilibahatika. Karibu yake, katika kijiji cha Little Whelnetham, palikuwa na karakana ya kutengeneza reki, na karakana ilihitaji fito za eshi. Kwa hiyo kukata kuliendelea. Soko dogo la reki lilikuwa ngao ya msitu.

Kisha vikaja vita vya pili vya dunia. Waingereza walionja njaa. Chakula kiligawiwa kwa kadi hadi mwaka 1954. Si ajabu kwamba baada ya hapo serikali iliwahimiza wakulima walime kila pembe, na hata kuwalipa ruzuku wang'oe nyua za miti. Hatuwalaumu wakulima hao. Hata sisi tungesikia njaa tungelima. Lakini hasara ilikuwa kubwa. Katika miaka ya 1960 sehemu kubwa ya upande mmoja wa msitu, uitwao Monks' Park, iling'olewa ili pawe shamba.

Tafadhali angalieni neno hilo: iling'olewa. Kwa zaidi ya miaka 700 shoka lilikata fito na msitu ukarudi. Tingatinga halikukata fito, liling'oa visiki. Na kisiki cha miaka mia tano kikitoka ardhini, hakuna pesa ya kukirudisha. Unaweza kupanda miche mingine, ndiyo, lakini yale maua, ule udongo, na ile mizizi, vimekwenda. Oliver Rackham, mtaalamu wa misitu wa Cambridge aliyefariki mwaka 2015, alilisisitiza jambo hili maisha yake yote: msitu hauuawi kwa kukatwa; unauawa kwa kugeuzwa kuwa kitu kingine.

Wenyeji na wapenda misitu walipiga kelele. Mwaka 1970 sehemu iliyobaki iliokolewa na kununuliwa kwa ajili ya hifadhi, na leo inatunzwa na shirika la Suffolk Wildlife Trust. Mwaka 1994 ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Na wahifadhi walifanya nini walipoupata? Waliendelea kukata kwa zamu! Bado kuna fito na kuni zinazotoka hapo.

ADUI WA LEO

Msitu haujafika mbinguni bado. Una shida mbili.

Ya kwanza ni ayala, yule mnyama tunayemsoma katika Zaburi ya 42. Mbwa mwitu walimalizwa Uingereza karne nyingi zilizopita, na ayala wamekuwa wengi mno. Mmoja mdogo wa aina ya muntjac aliletwa kutoka China kufugwa mbugani, akatoroka, akazaana. Tuta lililomzuia ng'ombe halimzuii ayala. Sasa ni lazima kuzungushia uzio au kurundika matawi ili machipukizi yapate nafasi.

Ya pili inauma zaidi. Mwaka 2012 iligunduliwa Uingereza kwamba kuna kuvu, asili yake Asia, inayokausha miti ya eshi kuanzia matawini hadi shinani. Huenezwa na upepo, na pia iliingia pamoja na miche ya eshi iliyonunuliwa kutoka nchi nyingine. Serikali ilipiga marufuku kuingiza miche hiyo mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, lakini ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Machipukizi machanga ndiyo hushikwa upesi zaidi. Yaani njia ileile iliyoutunza msitu sasa inamfungulia adui mlango. Inabidi watunzaji wachague kwa makini: eshi gani ikatwe, na ipi yenye nguvu iachwe itoe mbegu. Kinachowasaidia ni kwamba msitu wao si wa mti mmoja. Kuna hazeli, kuna mwaloni, na mingine mingi. Eshi ikianguka, msitu hautaanguka wote.

SISI TUFANYE NINI?

Hatusemi mchukue mapanga kesho mwende msituni. Msitu wa serikali una sheria zake, na kukata bila kibali ni kosa. Wanaoishi karibu nao wanaweza kujiunga na chama cha jamii cha msitu, kinachotambuliwa na sheria ya mwaka 2016, wazungumze na maafisa. Tunasema juu ya miti ya kikundi na ya shambani.

Kwanza, jueni mti wenu. Mkaratusi huchipua kisikini. Msonobari na saipresi hazichipui. Ukizikata, lazima upande upya.

Pili, kateni kwa msumeno au panga kali, chini karibu na ardhi, na mkato uelekee upande mmoja ili maji yateremke. Maji yakisimama juu ya kisiki, kitaoza.

Tatu, gaweni shamba la miti kwa vipande na mwandike zamu katika daftari la kikundi. Watawa waliandika. Neno la mdomo hubadilika mwenyekiti akibadilika.

Nne, zuieni mifugo. Msipoweza kuweka ua, msikate.

Tano, changanyeni aina za miti, na angalieni miche inatoka kitalu gani. Mche mgonjwa wa bei nafuu ni ghali sana.

Sita, kila jirani ajue fungu lake. Kumbukeni Bradfield iliyochomwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, ni miti mingapi iliyokatwa, na ni visiki vingapi vilivyong'olewa? Nani anakumbuka?

2. Ni bidhaa gani ya miti yetu inayoweza kupata soko dogo la kudumu, kama reki za Little Whelnetham?

3. Tukianza zamu ya miaka kumi leo, nani atakayekata kipande cha mwisho? Je, yuko hapa kwenye mkutano, au bado yuko shule ya msingi?

Hilo swali la tatu msilikimbie. Aliyekata fito Bradfield mwaka 1252 hakutujua sisi. Lakini aliacha kisiki.